Mguu kifundo: vidole vinazama ndani ya plasta, na viatu vya chuma viko njiani

mama_kifaranga
Habari za humu, wakubwa kwa wadogo. Naomba majibu ya wanaoyajua matibabu ya mguu kifundo, si ya kubahatisha.

Mtoto ana wiki saba, nyayo zote mbili zimepinda, anafungwa plasta kila wiki kwa njia ya Ponseti na sasa yuko kwenye ya tatu. Plasta zinaanzia vidoleni mpaka karibu na kinena. Siku ya kufungwa vidole vyote vya mguu wa kulia vilikuwa nje. Leo ni siku ya tatu na naona ncha tu, kidole gumba ndicho kimezama zaidi. Vina joto na rangi haijabadilika. Nisubiri siku ya kliniki?

Mengine: tumeambiwa tuje plasta ikiwa imeshatolewa. Wapo wanaosema niloweke usiku, wapo wanaosema asubuhi. Mkojo unaingia kwa juu hata nikibadilisha nepi mara kwa mara. Pia wameshataja kukata kano ya kisigino, halafu viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma katikati. Nataka kujua hivyo viatu vinavaliwaje hasa, maana karatasi tuliyopewa imeandika "saa 23" basi.

Fundi_Plasta
Dada, hilo la vidole litangulie, mengine yatasubiri. Plasta imeteleza. Piga simu leo, iende ikatolewe, hata kama vidole vina joto.

Kuna kitu kinachowachanganya wazazi: mtoto akikunja vidole, navyo huonekana kama vimezama. Tofauti ni kwamba vilivyokunjwa hutoka tena akitulia, au ukimtekenya chini yake. Vikibaki ndani muda wote, mguu umepanda na plasta imebaki chini. Hapo kisigino kimehama kutoka mahali pake palipofinyangwa, na plasta inakandamiza sehemu ambazo hazikukusudiwa: mbele ya kifundo na mgongo wa vidole. Wayo huvimba, hufupika, unatokea mkunjo mkubwa unaokatiza chini yake, na kidole gumba kinasimama juu. Wayo wa namna hiyo tunauita mguu kifundo mgumu. Matibabu yake ni tofauti: hauzungushwi nje kupita nyuzi 40 hivi, na goti hukunjwa zaidi, kama nyuzi 110, ili plasta ishike. Ndiyo maana nasema plasta iliyoteleza ni mbaya kuliko kukaa siku moja bila plasta.

Ukifika muulize anayefunga mambo haya bila kuogopa. Je, goti liko nyuzi 90? Plasta ambayo mguu unakaribia kunyooka huvuka kama soksi. Je, pamba imewekwa nyingi? Tabaka jembamba linatosha. Pamba nene inabonyea baada ya siku moja na nafasi inabaki. Je, juu ya kisigino pamefinyangwa vizuri? Na je, sehemu ya paja imelainika kwa mkojo? Hayo manne ndiyo chanzo cha kuteleza mara nyingi. Mtoto mnene mwenye mguu mfupi huteleza hata kwa fundi mzuri, kwa hiyo usiende na hasira. Ila kama imeteleza wiki mbili mfululizo, omba mwenye uzoefu zaidi auangalie wayo wenyewe kabla ya plasta nyingine kufungwa.

Kuanzia plasta ijayo, piga picha ya vidole ukiwa bado kliniki, kwa mbele na kwa chini. Siku za kati unalinganisha na picha, hutegemei kumbukumbu.

Na kipimo cha damu, kila mara unapobadilisha nepi siku ya kwanza, kisha mara nne kwa siku: bonyeza kidole mpaka kipauke, achia, rangi irudi ndani ya sekunde mbili au tatu. Kwa ngozi nyeusi angalia chini ya ukucha au nyama ya chini ya kidole. Vidole vikiwa vya baridi na vyeupe au vya bluu, au vimevimba na rangi hairudi, hapo hata simu isikucheleweshe: ingiza mguu kwenye maji ya uvuguvugu, fungua plasta, kisha nenda hospitali. Harufu ya kuoza ndani ya plasta, homa isiyo na sababu nyingine, na kilio kisichonyamaza kwa kunyonya wala kubebwa navyo ni vya kwenda siku hiyohiyo.

mama_kifaranga
Asante sana kaka. Nimewapigia, wamesema twende mchana huu. Na kweli, nikilinganisha, goti la kulia limenyooka kuliko la kushoto.

Baba_Wawili
Kuhusu kuloweka: asubuhi ya kliniki, si usiku. Mguu ukilala wazi unaanza kurudi ulikotoka, na fundi anatumia plasta mpya kurudisha kilichopotea badala ya kusonga mbele. Ukiacha saa kumi au kumi na mbili kila wiki, unaweza kujikuta umeongezewa plasta ambazo hazikuhitajika. Kwa kawaida hufungwa kati ya nne na saba.

Namna ya kufanya: beseni la maji ya uvuguvugu, weka siki kidogo, inasaidia plasta kulainika. Mguu ukae ndani dakika 20 hivi, huku ukiminya plasta kwa vidole. Tafuta ncha ya bandeji. Ukimwomba fundi mapema ataikunja ionekane, au ataweka alama kwa kalamu. Kisha unazungusha kuitoa kama unavyofungua bandeji ya kawaida. Ikikwama usivute kwa nguvu, rudisha majini dakika tano. Usitumie kisu wala mkasi nyumbani. Na kliniki nayo isitumie msumeno wa umeme kwa mtoto mchanga. Ngozi yake ni nyembamba mno na plasta haina unene wa kumkinga.

Hayo ni ya plasta nyeupe ya unga, ile wengine wanaiita hogo. Zile laini za kisasa zinazonyumbuka hufunguliwa zikiwa kavu, kwa hiyo kwanza jua umefungiwa ipi.

Nuru_ya_Asubuhi
Naongezea kwa wanaosafiri mbali hadi kliniki, maana ushauri wa "asubuhi" unawasahau. Mtu anayeondoka alfajiri na kuhudumiwa saa sita mchana, akiloweka kabla ya kuondoka mguu unakaa wazi nusu siku. Afanye hivi: achukue taulo au kitambaa, akiloweshe vizuri, akizungushe kwenye plasta, juu yake avishe mfuko wa nailoni na kuufunga legelege. Njiani plasta inalainika yenyewe huku bado imeushika mguu. Akifika inatoka kwa dakika chache. Chunga tu mtoto asipate baridi. Mfunike kifuani na kichwani.

Plasta ikishatoka, hapo kliniki ndipo pa kumwogesha vizuri miguu, kukausha katikati ya vidole na kwenye mikunjo ya paja. Usipake mafuta wala losheni miguuni, plasta itateleza. Unga usiweke kabisa. Unagandamana ndani na kuchubua.

Kama chanjo ya paja imefika wakati wake, ilenge siku hiyohiyo, kati ya kutoa plasta na kufunga mpya. Mwambie muuguzi mapema ili foleni zisigongane. Homa ya baada ya chanjo ni ya kawaida, lakini ukiwa umeshachoma utajua imetoka wapi, hutaanza kuishuku plasta.

Jambo jingine dogo lenye faida kubwa: usimnyonyeshe akashiba kabla ya kufungwa. Aje na njaa kidogo, anyonye wakati plasta inafungwa. Mtoto anayenyonya analegeza miguu, na mguu uliolegea ndio unaofinyangika. Anayelia anakaza kano na fundi anapigana naye.

Mkojo: tatizo mara nyingi ni nepi kubwa. Tumia inayobana vizuri mapajani, kingo zake zikae juu ya ngozi, chini ya ukingo wa plasta kamwe zisisukumizwe. Ukingo wa juu unaweza kuzungushiwa utepe usiopitisha maji, ila usifunike plasta nzima kwa nailoni, ngozi inahitaji kupumua. Mlaze kifua kikiwa juu kidogo kuliko miguu ili mkojo ushuke nyuma ya nepi. Saa 24 za kwanza plasta bado ina maji ndani hata kama imeshakuwa ngumu: iweke juu ya mto laini, kisigino kisigandamize kitu kigumu, na ubebe kwa kiganja, si kwa ncha za vidole, maana kila dole linaacha shimo linalochoma kwa ndani. Kuoga ni kwa kitambaa chenye unyevu tu.

Physio_Neema
Niendelee pale mlipoishia, kwenye kano na viatu, kwa sababu hapo ndipo matibabu mengi mazuri yanapoharibika. Plasta ni wiki chache. Viatu ni miaka minne hadi mitano.

Kano kwanza. Plasta za mwanzo zinashughulikia mpindo wa katikati ya wayo, kisha wayo mzima unazungushwa kuelekea nje taratibu, wiki kwa wiki, mpaka nyuzi 60 hadi 70. Kisigino kinachovutwa juu huachwa mwisho kwa makusudi. Mtu akilazimisha kukishusha mapema, wayo unavunjika katikati na kuwa wa mviringo chini, kama mguu wa kiti cha kutikisika. Ukifika mwisho, kama kifundo hakikunjiki juu walau nyuzi 15, kano ya kisigino inakatwa. Watoto wengi wanahitaji, kwa hiyo si dalili kwamba plasta zilishindwa. Ni tundu dogo la kisu chembamba, kwa ganzi ya mahali hapo, dakika chache, kawaida bila kushonwa. Plasta ya mwisho inafungwa palepale na inakaa wiki tatu; katika muda huo kano inaota na kuungana ikiwa ndefu zaidi. Doa la damu nyuma ya kisigino ni la kawaida. Lizungushie kalamu, likipita mstari na kuendelea kukua, rudi.

Sasa viatu. Siku plasta ya mwisho inapotolewa, viatu viwepo mkononi na vivaliwe hapohapo. Vikiagizwa siku hiyo, mmechelewa. Kwa hiyo vipimo vichukuliwe mapema, wakati wa kukata kano.

Chuma cha katikati urefu wake ni upana wa mabega ya mtoto, kupimwa kutoka kisigino hadi kisigino. Kikiwa kifupi mtoto anakosa raha na huvipiga teke viatu mpaka vitoke. Wayo uliotibiwa unaelekezwa nje nyuzi 60 hadi 70. Kwa mtoto mwenye mguu mmoja tu, ule mzima huwekwa nyuzi 30 hadi 40. Wako ni miguu yote miwili, basi pande zote zinafanana. Na chuma kiwe kimepinda kidogo, nyuzi 10 hadi 15, vidole vikielekea juu. Kikigeuzwa upande, kinafanya kinyume: kinashusha vidole na kuruhusu kano ifupike. Niwaombe mkiangalie hicho kwa macho yenu, maana ni kosa ambalo haliumizi, kwa hiyo mtoto hatawaambia.

Kuvisha: soksi ya pamba isiyo na mshono mnene, bila makunyanzi. Anza na mguu mgumu zaidi. Kunja goti, shika ugoko, sukuma kisigino mpaka kikae chini kabisa nyuma ya kiatu. Funga mkanda wa katikati kwanza, ule unaopita mbele ya kifundo. Huo ndio unaoshikilia kisigino. Kisha mikanda mingine au kamba. Viatu vingi vina tundu nyuma: chungulia, kisigino kionekane kimegusa chini. Kisipoonekana, legeza, anza upya. Ukishapata tundu sahihi la mkanda, weka alama kwa kalamu, ili yeyote atakayemvisha afunge palepale. Kwenye soli ya ndani chora mstari mbele ya vidole; vikirudi nyuma ya mstari, mguu umeteleza.

Saa 23 maana yake ni mchana na usiku kwa miezi mitatu, saa moja ya kuoga na kunyoosha kifundo. Baada ya hapo ni usiku na usingizi wa mchana, jumla saa 12 hadi 14, mpaka miaka minne au mitano.

mama_kifaranga
Shukrani dada Neema. Plasta ya kulia ilitolewa jana, wamekuta kisigino kimepanda kweli, ikafungwa nyingine goti likiwa limekunjwa. Swali moja: akilia sana na viatu, inaruhusiwa kupunguza nyuzi, hata 40, mpaka azoee?

Physio_Neema
Hapana mama. Akivumilia 40 na hakuvumilia 60, maana yake wayo haujafika 60, na viatu havitaufikisha. Viatu vinatunza kilichopatikana, havirekebishi. Dawa hapo ni plasta moja au mbili zaidi. Kiatu kilicholegezwa nyuzi kinakupa utulivu wa wiki chache, kisha mguu unarudi.

Kulia kwa siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida, na mara nyingi si maumivu: amegundua hawezi kupiga teke mguu mmoja mmoja. Mfundishe: shika chuma katikati, kunja na kunyoosha magoti yote mawili pamoja, kwa mchezo, mara kadhaa kwa siku. Usimvue kila anapolia. Akijifunza kwamba kilio kinavua viatu, kazi itakuwa ngumu kwa miezi. Lakini kilio kipya baada ya wiki za utulivu kinahitaji kuvua na kuangalia ngozi.

Ngozi: siku mbili za kwanza vua mara kadhaa uangalie, kisha kila unapomwogesha. Wekundu unaofifia si tatizo. Wekundu mkali nyuma ya kisigino au lengelenge maana yake kisigino kinapanda na kusugua, yaani kiatu kimelegea, hakikubana. Wazazi wengi hulegeza zaidi na kidonda kinakua. Kaza, na kama mkanda umefika mwisho, omba kitobolewe tundu jingine. Usipake mafuta kwenye eneo lililochubuka, yanalainisha ngozi na kuongeza kuchubuka. Kidonda kilichofunguka kinapelekwa kliniki, si kuvuliwa viatu wiki nzima nyumbani.

Baba_Wawili
Kuhusu chuma chenyewe: skrubu zinalegea. Kila wiki zikaze kwa bisibisi au ufunguo uliokuja nacho, na upake mstari wa rangi ya kucha unaovuka skrubu na chuma. Mstari ukikatika, unajua imezunguka, na nyuzi huenda zimebadilika bila mtu kugusa. Chuma kivishwe sponji au kitambaa kinene. Kinapasua midomo ya wazazi na kuharibu vitanda. Nguo za usiku ziwe za kufungua katikati ya miguu au gauni, suruali haipiti.

Vidole vikianza kujikunja kwenye ukingo wa mbele wa kiatu, ni wakati wa saizi mpya. Mwaka wa kwanza inakuja haraka, kwa hiyo agiza kabla hajabanwa kabisa. Urefu wa chuma nao upimwe upya kila mnapobadilisha viatu.

Fundi_Plasta
La mwisho kwangu. Mguu unaporudi hauanzi kwa kupinda wote. Kwanza kisigino kinagoma kugusa chini ya kiatu ambacho jana kilikaa. Kisha kifundo kinakunjika juu kwa shida. Akishaanza kutembea utaona anakanyagia ukingo wa nje, au vidole vinatazama ndani. Ukiona la kwanza, usingoje la tatu. Likikamatwa mapema, plasta mbili au tatu hurudisha mguu. Likichelewa mpaka miaka mitatu hivi, na mguu unapinda ndani kila anapoinua hatua, huenda kano ya mbele ya ugoko ikahamishiwa upande wa nje, na hiyo ni upasuaji wa kweli.

Tofauti zitakazobaki hata matibabu yakienda vizuri ni ndama mwembamba kidogo na wayo mdogo. Kwa mtoto mwenye mguu mmoja ndipo zinaonekana sana. Hizo haziondoki kwa plasta wala mazoezi na hazimzuii kukimbia. Nasema mapema kwa sababu kuna wazazi wanaziona mwaka wa pili, wanadhani mguu umerudi, wanaanza kutafuta tiba nyingine huku viatu vya usiku vimewekwa kabatini.

Nuru_ya_Asubuhi
Dada, ukipewa siku ya kukata kano, tuma hapa vipimo vya mabega na urefu wa wayo kwa sentimita kabla ya kuagiza. Wengi humu wana viatu vya saizi za mwanzo vilivyotumika miezi mitatu tu. Angalia soli isiwe imelika upande mmoja na mkanda wa katikati usiwe umenyooka matundu. Mikanda ikichoka, hata saizi ikikutosha, usikichukue.

mama_kifaranga
Nitatuma. Plasta mpya ina saa 30 sasa, vidole vyote kumi vipo nje, sawasawa na picha.